Mugo wa Thabai na mkono usiomtii

Mugo, mkulima maskini wa kijiji cha Thabai, ndiye anayebeba uzito mkubwa wa A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka mwaka 1967. Imani yake ni fupi, naye ameishika kama dini: asiyemsumbua mtu hapaswi kusumbuliwa. Hataki rafiki, hataki chama wala kiapo. Hataki kuwiwa wema na yeyote, wala yeyote awiwe naye. Anachotaka ni jembe, shamba, na siku moja mali ya kutosha ili watu wamwamkie kwa heshima. Na mtu huyohuyo ndiye anayempelekea ajuza aliyefiwa unga na kuni bila kuombwa, na ndiye anayejitupa mbele ya askari kuzuia kiboko kisimwangukie mwanamke asiyemhusu.

Msomaji akimweleza Mugo kwa neno moja, kwa kawaida husema msaliti. Si uongo, kwa kuwa alisaliti. Lakini usaliti ule ni tendo moja la asubuhi moja, na riwaya nzima inajengwa juu ya jambo lililoanza kabla yake na kuendelea baada yake: ugomvi kati ya ugumu anaoutangaza moyoni mwake na huruma aliyozaliwa nayo. Ugomvi huo ndio unaoeleza jinsi msaliti alivyopata kuwa shujaa wa kijiji kabla ya kuwa mshtakiwa wake.

Ugumu wa Mugo una historia. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akaachiwa Waitherero, shangazi wa mbali, mjane aliyekwisha kuoza binti zake wote na kubaki na pombe. Mama huyu alimlisha kwa masimango. Alimdhihaki kwa umaskini wake na kwa kila tonge alilokula, na kijana akawa analala akitamani kumkaba koo. Hakumkaba. Uzee na ulevi vilimtangulia, Waitherero akafa kifo chake. Hapo Ngũgĩ anaandika jambo ambalo mwandishi mwenye papara angelikosa: Mugo hakufarijika. Alijikuta hana hata wa kumchukia. Chuki ndiyo iliyokuwa udugu wake pekee, nayo imezikwa. Akageukia udongo, akajifunza kuupenda kwa sababu udongo hausimangi.

Kwa hiyo ule msimamo wa kutojali watu haukutoka katika tabia yake. Ni dawa aliyojitengenezea mtoto yatima, akaendelea kuinywa ukubwani hata pale palipokuwa hapana tena ugonjwa. Ushahidi ni kwamba kila siku inambidi ajihutubie upya, kazi ambayo mtu mgumu kweli hana haja nayo.

Riwaya inasimulia siku chache za kuelekea Uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1963, huku ikirudi nyuma mara kwa mara hadi miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ngũgĩ aliyaandika aliyoyajua. Alizaliwa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1938, na mwaka 1955 aliporudi likizo kutoka Shule ya Upili ya Alliance alikuta kwao kumebomolewa na watu wamesukumwa katika kijiji kipya chini ya ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa hivyo. Katika kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, zilizotoka mwaka 2010, anamtaja Gitogo, ndugu yake wa kwa baba, kiziwi, aliyepigwa risasi kwa kuwa hakusikia alipoamriwa asimame. Katika riwaya Gitogo yumo kwa jina lilelile na kifo kilekile, na ajuza wa Thabai ndiye mama yake.

Ajuza huyo ndiye mtihani wa kwanza wa Mugo. Anaishi peke yake, watu wamemzoea na kumsahau, na wengine wanadhani akili zimemruka. Mugo anapopita karibu na kibanda chake huhisi kitu kikimvuta kuelekea mlangoni. Siku moja ananunua sukari na unga, anaongeza mzigo wa kuni, anaingia jioni. Ajuza anamtazama kwa macho yanayomtisha, kana kwamba anamtambua. Mugo anatoka mbio. Hakumwambia mtu alichofanya, wala hakujiambia mwenyewe sababu. Baadaye anajihadhari na njia ile, kama mtu aliyeiba pale.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mugo anauthibitisha ukweli huo kwa njia ya ajabu, maana kwake moyo unatoa kisha kichwa kinamkaripia. Katika fasihi ya dunia amewahi kutangulia mwingine wa namna hiyo. Raskolnikov, mwanafunzi fukara wa Petersburg katika riwaya ya Fyodor Dostoevsky ya mwaka 1866, ameandika makala kudai kwamba watu wa pekee wanaruhusiwa kuvuka damu ya wengine, na kwa nadharia hiyo anamuua kwa shoka mwanamke mkopesha fedha kwa rehani. Ila fuata mkono wake, uache mdomo. Anamsindikiza mlevi Marmeladov hadi kwake, anaona watoto wenye njaa, anaacha vijisarafu vyake vya mwisho dirishani. Akishafika ngazini anajilaumu na kutaka kurudi kuvichukua. Barabarani anamwona binti mdogo aliyeleweshwa akinyemelewa na bwana mmoja. Anamwita polisi, anampa kopeki 20 za gari la kumrudisha binti nyumbani, na dakika hiyohiyo anamgeukia polisi kwa ukali, amwambie aachane nao, yamhusu nini. Mahakamani inafichuka kwamba aliwahi kumtunza mwanafunzi mwenzake mgonjwa wa kifua kwa miezi kadhaa, na kwamba aliwahi kuokoa watoto wawili katika nyumba iliyowaka moto. Hayo hakuyataja yeye. Nadharia yake alikuwa ameichapisha gazetini.

Mugo hana nadharia ya kuchapisha. Hapo ndipo Ngũgĩ anapotofautiana na Dostoevsky, na kwa maoni ya makala haya hapo ndipo anapomshinda kwa kitu kimoja: ugumu wa Raskolnikov ni fikra ya msomi na unaweza kujibiwa kwa fikra nyingine, lakini ugumu wa Mugo ni wa mtu anayehesabu mbegu. Anaogopa kupoteza kidogo alicho nacho. Watu wa namna hiyo wako kila kijiji, na si rahisi kuwahukumu ukiwa umeshiba.

Kiungo kati ya hao wawili ni Joseph Conrad. Ngũgĩ alimsoma Conrad kwa bidii alipokuwa Makerere, na riwaya yake aliiandika akiwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Katika Under Western Eyes ya mwaka 1911, Conrad anamleta mwanafunzi Razumov, asiye na jamaa wa kumtegemea, anayetaka tu kusoma na kupata nishani. Usiku mmoja Haldin, mwanamapinduzi aliyemuua waziri, anajificha chumbani mwake bila kuuliza. Razumov anamsaliti. Kisha anakutana na dada wa Haldin, anashindwa kuuvumilia uaminifu wa macho ya binti huyo, anaungama kwake na halafu mbele ya wanamapinduzi wenyewe. Aliyesoma A Grain of Wheat anaiona ramani: Kihika, mpiganaji wa msituni, anampiga risasi DO Robson na kukimbilia kibandani kwa Mugo, Mugo anamsaliti, dada ya Kihika, Mumbi, ndiye wa kwanza kuusikia ukweli.

Usiku wa Kihika ndio pekee ambapo ugumu wa Mugo unatenda kazi hadi mwisho. Kihika hakuja kuomba hifadhi tu. Alimtaka Mugo apange watu kijijini kwa siri, wakutane msitu wa Kinenie baada ya wiki moja. Alimchagua kwa sababu alimwona ni mtu anayejitegemea. Kwa Mugo hiyo ilikuwa dhuluma. Kihika ana mama, ana baba, ana dada, ana watakaolia akifa; yeye hana mtu, na sasa hata upweke wake unanyang'anywa. Akikataa ataitwa adui, akikubali atanyongwa na serikali. Kichwa cha Kihika kimetangaziwa zawadi. Mugo anakwenda ofisini kwa John Thompson, mkuu wa serikali aliyechukua nafasi ya Robson, na kusema mahali na siku. Thompson anamtemea mate usoni. Kihika anakamatwa na kunyongwa hadharani, mwili wake ukatundikwa mtini watu wakatazame.

Inafaa kuangalia Ngũgĩ alivyouandika wakati ule. Kabla ya Kihika kubisha hodi, Mugo alikuwa akijiota kuwa Musa, akisikia sauti ikimwita jina hilo. Mtu aliyeapa kutowajali watu alikuwa faraghani akijiona mkombozi wao. Kwa hiyo Kihika hakuja kuvunja amani. Alikuja kudai kile ambacho Mugo mwenyewe alikuwa amekiota, ila alikidai kwa bei halisi, na bei hiyo ndiyo iliyomtisha.

Kisha linakuja handaki. Wanakijiji wa Thabai wanalazimishwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji, ili walio ndani wasiwasiliane na walio msituni. Mahomgadi wanasimamia na viboko. Mugo yumo kwenye mstari akichimba kama wengine, na wakati huo Kihika amekwisha kufa kwa mkono wake. Mbele yake homgadi anampiga mwanamke, Wambuku, ambaye zamani alikuwa mchumba wa Kihika na sasa ana mimba. Mugo anahisi kila pigo katika mwili wake. Anatoka mstarini, anamwendea homgadi, anaushika mjeledi. Hakufikiri. Angalikuwa na nafasi ya kufikiri, angalibaki pale alipo, kwa kuwa kichwa chake siku zote kilimshauri abaki. Anakamatwa na kutiwa kizuizini. Wambuku hakupona.

Kwa hesabu ya kawaida Mugo alipaswa kufungwa au kutuzwa kwa alichomfanyia Kihika. Hakufungwa wala hakutuzwa kwa hilo. Kilichomfikisha kizuizini ni tendo la huruma, na mateso ya kizuizini ndiyo yaliyompa jina la ushujaa. Anapigwa akiri kiapo cha Mau Mau na hasemi. Wenzake wanauona uthabiti. Ukweli ni kwamba hana cha kukiri, kiapo hakukila. Ngũgĩ hachezi hapa kwa ajili ya kuchekesha. Anaonyesha jinsi umma unavyosoma tendo la nje, huku moyo uliolitenda ukisomeka kwa namna nyingine kabisa.

Kambi ambamo jina la Mugo linakua inaitwa Rira. Ni ya kubuni, imewekwa katika nchi kame upande wa pwani, na kisa chake cha wafungwa kuuawa kwa kipigo kinafuata kwa karibu mauaji ya Hola, Tana River, ya tarehe 3 Machi 1959, walipokufa wafungwa 11. Lakini msomaji wa Taita Taveta hana haja ya kwenda Hola kuelewa nchi ile. Atokaye Mboghoni kwenda Nairobi hupita Mwatate, akafika Voi, na akishaipinda barabara kuu kuelekea Mtito Andei hakawii kuiona Manyani. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1954 kupokea wanaume waliozolewa Nairobi katika msako ulioanza tarehe 24 Aprili mwaka huo, uliopewa jina la Operesheni Anvil. Maelfu waliwekwa huko kwenye joto la Tsavo nyuma ya seng'enge. Mwaka huohuo homa ya matumbo ililipuka na kuua. Wafungwa waligawanywa kwa rangi: weupe walioonekana hawana neno, wa kijivu waliotiliwa shaka, weusi waliohesabiwa sugu. Josiah Mwangi Kariuki, aliyepita hapo, aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1963, na hadi leo gereza liko Manyani.

Mgawanyo huo wa rangi unasaidia kumwelewa Mugo kuliko inavyodhaniwa. Ofisa wa kambi alihitaji mtu wa rangi moja. Mtu aliyemtoa Kihika kwa serikali na kumkinga Wambuku dhidi ya serikali hiyohiyo hana kundi. Thabai nayo, baada ya kumpokea, ilifanya kosa lilelile kwa upande wa pili: ilimpa rangi moja, nyeupe tupu.

Taveta yenyewe iliwahi kuwa na mtu ambaye ugumu na ukarimu vilikaa ndani yake, tena mtu wa kweli. Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alikuwa na mashamba ya mkonge Taveta, na jumba lake juu ya kilima bado ni alama ya nchi ile. Machi 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, huku umati wa Wazungu ukitazama. Miaka 40 baadaye alitoa ardhi ya hospitali ya watoto Nairobi, Gertrude's Garden, kwa kumbukumbu ya mkewe. Anafaa kuwekwa kando ya Mugo ili tofauti ionekane. Hakuna dalili kwamba kwa Grogan vitu hivyo viwili viliwahi kugombana; kiboko kilikuwa na watu wake na ukarimu ulikuwa na mahali pake. Mugo hana ukuta wa namna hiyo. Aliowaumiza na aliowahurumia ni watu wa kijiji kimoja, tena wa nyumba moja: alimtoa Kihika, akamkinga mpenzi wa Kihika, akashindwa kumdanganya dada yake.

Baada ya kuachiwa, Mugo anarudi Thabai na kutaka shamba lake tu. Kimya chake kinachukuliwa kuwa unyenyekevu, na watu wanamletea siri zao. Gikonyo, fundi seremala, anamweleza alivyokiri kiapo ili arudi kwa mkewe, na alivyomkuta mkewe Mumbi ana mtoto wa Karanja, homgadi aliyekuwa chifu. Mumbi naye anakuja kusimulia upande wake. Wazee wa harakati, Warui na Wambui, pamoja na Jenerali R. na Luteni Koina waliotoka msituni, wanamwomba ahutubie siku ya Uhuru amkumbuke Kihika. Hakuna anayemuuliza lolote kuhusu yeye. Kila mmoja anatua mzigo wake kwake na kuondoka mwepesi.

Ni hapa ambapo ugumu wa Mugo unaanza kupasuka, na unapasuliwa na kuaminiwa. Kipigo cha Rira hakikumfungua mdomo. Macho ya Mumbi yalimfungua. Wakati huo yeye alikuja tu kumsihi: kijiji kimepanga kumfichua Karanja hadharani kama aliyemuuza Kihika, naye hataki damu nyingine imwagike kwa ajili ya kaka yake. Mugo anamwambia kwamba aliyemuua Kihika ni yeye.

Angeweza kuishia hapo. Mumbi hakumtangaza. Karanja hakupendwa na mtu, na kifo chake kingefunga kesi kwa kuridhisha kila mmoja. Mugo angebaki shujaa, labda mkubwa wa chama. Yote aliyoyataka tangu ujana, heshima na mali, yalikuwa mkononi, na bei ilikuwa ni kunyamaza tu, kazi aliyokuwa hodari nayo. Siku ya Uhuru Jenerali R. anasimama mkutanoni na kumtaka msaliti ajitokeze. Macho yanamtafuta Karanja. Anayepanda jukwaani ni Mugo, anasema alichokifanya, anashuka. Umati unampisha njia bila kumgusa.

Wasomaji hulieleza tendo hilo kama dhamira iliyomsuta, na hiyo ni nusu ya jambo. Dhamira ilikuwa na miaka ya kumsuta na haikumpandisha jukwaa lolote. Kilichoongezeka siku ile ni mtu wa pili, Karanja, aliyesimama mahali ambapo kiboko kingemwangukia. Mugo alifanya mkutanoni alichokifanya handakini, kwa wepesi uleule na kwa mtu asiyestahili zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii alijua anachokifanya.

Kutoka mkutanoni anazurura, kisha miguu inampeleka kwenye kibanda alichokuwa akikikwepa. Ajuza anamwona mlangoni na kumpokea kama mwanawe Gitogo aliyerudi, na anakata roho mbele yake. Mugo hakuja na unga wala kuni. Anarudi kwake. Jenerali R. na Koina wanamfuata kumwita barazani, na wanamwambia hakimu atakuwa Wambui, mwanamke aliyewahi kubeba bastola ndani ya nguo zake mbele ya askari wakati wa vita.

Ngũgĩ hakuandika hukumu ikitolewa wala ikitekelezwa. Anapitisha sura hadi Wambui na Warui wameketi, sherehe zimekwisha, kila mmoja akikwepa kulitaja jina la Mugo. Wambui, aliyekuwa na uhakika na kila jambo tangu mwanzo wa kitabu, anaanza kujiuliza kama walipaswa kumhukumu mtu yule. Warui hana la kumjibu. Wambui anashika kazi zake za nyumbani, na riwaya inahamia hospitalini, kwa Gikonyo aliyevunjika mkono, katika sura ya mwisho iitwayo Harambee.